Mvua ya Upande Mmoja

Famau alikuja na futikamba, penseli sikioni.
"Mbili mbele, moja kati, mbili nyuma ya kochi,
usawa wa sikio la aliyekaa, usizidishe."
Akagonga ukuta wa babu: matumbawe na chokaa,
unene wa dhiraa.
Keekee ikalia, ikatema unga mweupe, ikanyamaza.
Ukuta huu haukujengwa upitishe nyaya.

Basi tukatazama zidaka.
Kile kilichotunza bakuli la buluu lenye ufa
kikaimeza spika ya kushoto
kana kwamba kilipimiwa.
Cha kulia nyanya alikiwekea taa ya mafuta.
Tukasugua masizi. Hayatoki.
Spika ikakaa juu ya masizi.

Tukajaribu sinema yenye mvua.
Ikanyesha pembe zote nne, hata paka,
paka wa Mkomani asiyeshtushwa na punda,
akaruka kutafuta pa kujibanza.
Famau akacheka: "Hapo sasa!"

Mama hakucheka. Aligeuza kichwa
akitega sikio lililobaki, la kushoto.
"Hiyo ya kulia mnampigia nani?"

Futikamba ikarudi mfukoni.
Spika ya kulia tukaihamisha
ikaungane na mwenzake kushoto,
karibu na kiti cha mama,
juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

Siku hizi mimi hukaa kulia, penye masizi matupu.
Naisikia mvua kama inanyesha kwa jirani,
na mama, macho kwenye picha,
anakinga kiganja,
anakitazama,
anakifuta kwenye leso.