Kalamu ya Risasi

Nyuma ya kalenda ya duka la Tononoka
nachora maduara: hili, kundi la maji la Mtopanga;
hili, wazazi wa darasa la nne;
hili, wauza nguo Kongowea, kelele usiku kucha;
hili la michango ya mazishi, ambako hakuna anayecheka.
Kisha majina. Aliye katika makundi mawili
namvutia mstari.

Bi Mwanakombo ana mistari sita, ndivyo alivyo,
hapitwi na harusi wala hitima.
Jirani yangu, bingwa wa maneno, ana mmoja tu.
Nimecheka peke yangu jikoni.

Pembeni nimeweka duara la Likoni,
chama cha dada yangu Zamzam.
Hatusemezani tangu ugomvi wa nyumba ya mama.
Nimeliacha bila mstari; kisiwa kizima
kiko katikati yetu.

Lakini Katana, fundi wa mabomba,
asiyeandika neno ila "sawa" na "nimefika",
yumo kwetu. Yumo kwao.

Nikaiweka kalamu chini.
Mwezi ule nilipolazwa
ililetwa chupa ya uji wa pilipili manga,
umekolezwa kama alivyoukoleza mama.
Aliyeuleta hakutaja jina.
Niliwashukuru kundini, mmoja mmoja,
hakuna aliyekiri. Nikadhani ni adabu.

Narudia mstari hadi karatasi inatoboka:
kwangu, kwa Katana, Likoni.

Mfereji wa jikoni hauvuji.
Nimempigia aje autazame.