Hati Haisemi Kina

Chengo, nimekuja kuutazama udongo wangu.
Usinikazie macho. Sikuja na chifu, sikuja na panga,
nimekuja na chupa tupu ya siagi ya njugu
na kijiko cha chai.

Usiku ule wa Aprili nililisikia shamba likiondoka.
Halikupiga kelele. Mmomonyoko hunong'ona
kama mpangaji anayehama usiku
huku anadaiwa kodi.
Kulipokucha mihogo yangu ilikuwa mizizi nje,
na hapa kwako, chini ya minyaa,
pamelala tandiko jekundu, laini, unene wa kiganja.
Mahindi yako mwaka huu yananipita kimo.
Hongera. Yamekula kwangu.

Hati yangu imo kwenye sanduku la bati.
Ina mhuri, ina namba, inamtaja marehemu Kitsao.
Inasema ekari tatu, Jilore, mkabala na mto.
Urefu inasema. Upana inasema.
Haisemi kina.
Karani wa ardhi kule Malindi aliniuliza, wala hakucheka:
"Mama Mbeyu, mpaka umesogea?"
Nikamwambia mpaka uko pale pale,
unalinda mawe.
Kilichosogea ni shamba.

Tazama sasa. Vijiko vitano, maji, tikisa.
Mchanga unashuka kabla hujamaliza kupiga chafya.
Mchangatope unashuka ugali ukiiva.
Mfinyanzi haulali. Kesho asubuhi utaukuta unaelea,
wingu la kahawia lisilojua pa kwenda.
Huo ndio mwepesi wa kuchukuliwa,
na huo ndio uliokuwa ukishika chakula cha mmea
kama kidole chenye unyevu kinavyoshika unga.
Chota na kwako, tulinganishe.
Unaona? Mimi nimebaki na mchanga.

Uliuliza mahindi yangu yana ugonjwa gani.
Njano inaanzia jani la chini, kwenye ncha,
inapenya katikati kama kabari.
Si ugonjwa. Naitrojeni haitoshi,
kwa hiyo mmea unalivua jani zee ulivishe changa.
Niliwahi kuwa na watoto watatu na kikombe kimoja cha uji,
hilo sikuhitaji kufundishwa na bwana shamba.

Na nina kesi ya kujibu, usidhani sina.
Miaka kumi na minne nilichoma mabua
kwa kuwa mama mkwe alipenda shamba safi.
Lilikuwa safi, ndiyo, kama kaburi jipya.
Nyungunyungu walihama bila kuaga.
Halafu lile trekta la kukodi: dereva alihesabu saa,
kugeuza ni pesa, nikamwacha alime kufuata mteremko.
Kila mfereji aliouchora, mvua iliusoma.

Lakini usishangilie, udongo huu hapa kwako ni mgeni tu.
Mvua ijayo utashuka Sabaki.
Mwanangu Fondo yuko hotelini, ufukweni Malindi,
kazi yake ni kupiga reki mchanga kabla wageni hawajaamka.
Wanamuuliza bahari imekuwaje nyekundu.
Meneja amemwambia ajibu: ni mto.
Anajibu ni mto.
Kisha anainama, anapiga reki ekari zetu.

Ule uliokwisha kukufikia, kaa nao.
Nimefuata ule ambao bado haujaondoka.
Nina vijiti vitatu nimevifunga mfano wa herufi A,
uzi katikati, jiwe likining'inia:
jiwe likitulia kati, hapo ndipo usawa.
Tutapima kukata mteremko, tuchimbe, tupande matete kwenye tuta.
Mstari utaanzia kwangu uingie kwako
na hautabisha hodi kwenye minyaa.

Ngoja, kabla hujasema utafikiria.
Mbaazi hii nimeing'oa leo, pale palipobaki pabaya zaidi.
Tazama mizizi, hivi vinundu.
Kipasue kimoja kwa ukucha.

Waridi, eeh? Kama ufizi wa mtoto.
Kikiwa hivyo, kiko kazini.

Basi niazime jembe. Langu limepasuka mpini.