Moja Hadi Tano

Mtathmini ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi,
maana viti vyote viwili vimelemewa na nguo mbichi.
"Bi Mwanashee, kwa kipimo cha moja hadi tano,
mradi umemsaidia mtoto kiasi gani?"

Mimi huhesabu kwa vijiko.

Shekuwe alizaliwa bila kulia.
Shangazi akasema ni jicho la watu,
nikamfunga hirizi, nikangoja shingo.
Shingo haikuja.
Miezi saba nilimbeba
kama kikombe kilichojaa pomoni.

Kisha Kadzo, wa kliniki ya Jumanne,
akamlaza kifuani juu ya leso iliyoviringwa,
akamwita kutoka upande asiopenda kuugeukia.
Akanifunza kumvisha nguo kwa kuanza na mkono uliokaza,
kumlisha ameketi, si chali,
kijiko kidogo, kidevu chini.
Kiti tukakiunda kwa maboksi ya majani ya chai
na gundi ya unga wa ngano.
Panya wakala mguu mmoja.
Tukaunda mwingine.

Andika: zamani kikombe cha uji kilichukua saa nzima
na nusu yake ilinywewa na kanzu yangu.
Sasa ni robo saa.
Andika: juzi punda alilia uchochoroni,
naye akageuza kichwa, akacheka.
"Hilo," anasema, "halina kisanduku. Anatembea?"

Hatembei.

Naiona kalamu ikishuka kwenye mbili.

Basi andika na haya, hata pembeni.
Mradi mmeuita Mapema,
lakini mwana wa Fumo, wa kule Wiyoni,
alifika na miaka minne, nyonga imeshateguka,
kwa kuwa hakuna aliyemwambia mamake
kwamba mlango upo.
Na Kadzo mlimhamisha katikati ya Ramadhani.
Jumanne tatu nilikuta kufuli,
nikapanda tena ngazi za Langoni na saumu yangu,
mtoto begani, kilo kumi na nne,
na mguu wake ukaanza kukaza upya.
Hapo wape moja.
Wape sufuri, kama ipo.

Anaandika, haniangalii.
Shekuwe, kitini mwake, ameiona kalamu.
Anaupeleka mkono, ule uliokaza,
kidole kimoja, kisha kingine,
unapotea njia, unarudi.
Mtathmini anainama amkaribishie.

"Ngoja," namwambia. "Usimsogezee."