Vijiti Saba

Asubuhi saa moja
mlangoni nikangoja
na chupa zangu za haja
pale skuli Uwandani.

Kila mtoto na chupa,
wengine wakiikwepa,
wengine wakinilipa
kicheko cha chinichini.

Khatibu mwana wa Faki
alikuja, hatamki;
chupani, haifichiki,
damu imo mkojoni.

Bibi yake, Bi Mkasi,
alinijibu kwa kasi:
"Hapana la wasiwasi,
ni ada tangu zamani.

Kijana huota ndevu,
mwili ukawa mpevu;
na damu, wewe mwerevu,
ni hedhi ya kiumeni."

Sikubishana na mtu,
maneno hayana kitu;
nilimpa bibi yetu
kigoda cha hadubini.

Akashika kanga yake,
akaweka jicho lake,
wala neno lisitoke;
akauliza: "Ni nini?"

"Ni yai, na huo mwiba
ndio mama wa msiba;
haukati mara haba,
humchana mwana ndani."

Tukahesabu pamoja,
kwa kidole, mojamoja,
mia na tatu yakaja,
tone dogo kiooni.

Akamtaja kakaye,
Asaa, kipenzi chaye,
aliyevimba figoye,
akafa bado kijani.

"Tulimsomea chuo,
tukamfukiza nguo;
hatukuona, na huo
mwiba ulikuwa ndani."

Vidonge tukavigawa,
kwa fimbo ya kimo, sawa;
Khatibu akapagawa
kwa uchungu mdomoni.

Ripoti ikaandikwa,
Chake Chake ikawekwa,
nami sifa nikavikwa
kama koja la shingoni.

"Kichocho," niliandika,
"Uwandani kimetoka."
Ukapita huo mwaka,
nikarudi na yakini:

chupa zile, jicho lile,
na mayai yale yale,
Khatibu na wenza wale,
wekundu tena chupani.

Sheha wetu akanuna:
"Hizi dawa ni hiana!
Mlisema washapona,
na wagonjwa ni wa lini?"

Ulimi ulinijia
wazazi kuwatupia
lawama; nikazuia,
nikarudi daftarini.

Daftari halina haya,
halipambi jambo baya;
nilipolisoma upya
likanisuta machoni.

Mayai nilihesabu,
vidonge kwa taratibu;
sikuuliza sababu
ya watoto mabondeni.

Milangoni nikaketi,
jua kali, pasi kiti,
nikijaza kila cheti:
"Maji mwateka kwa nani?"

Jumatatu mfereji
hukohoa bila maji,
ndipo wana wa kijiji
hushuka dimbwi la chini.

Khatibu ndiye huosha
vyombo, ng'ombe huogesha,
hata jua likiisha
mguu bado majini.

Dawa ilitenda kazi,
ila dimbwi, waziwazi,
lilirudisha mzizi
kila siku miguuni.

Nikaandika ya pili
bila kuficha dalili,
na kosa langu la kweli
juu kabisa, kichwani.

Likaja bomba na tangi
kwa barua nyingi nyingi,
na mafundi wa msingi
waliolala skulini.

Mwaka huu nimepima
chupa mia mbili nzima;
yake Khatibu ni njema,
rangi ya dafu chupani.

Lakini zipo zingine
saba, nami nizinene,
nisijevishwa lingine
koja bure la shingoni.

Bi Mkasi akipita
huja kigoda kuvuta;
kabla salamu kuleta
huuliza: "Ngapi? Lini?"

Simjibu kwa hisia,
kalamu humpatia,
saba hizo kuzitia
kwa vijiti, daftarini.

Vijiti saba, na kando
nafasi tupu ya mwendo,
na chupa nyingine rundo
zaningoja mlangoni.