Mistari Mitatu

Halmashauri ya Sibiu imetuletea fomu:
Mji wetu una upekee gani?
Jibu kwa mistari mitatu, kwa herufi kubwa.
Mimi nachonga funguo, sichongi maneno.
Nikafunga kibanda, nikaenda kuuliza majirani.

Ilinca wa mikate, unga hadi kwenye nyusi,
hakuinua hata kichwa.
"Andika tanuri langu lina ufa
alioukuta bibi wa bibi yangu.
Mkate wa upande ule huungua,
na wapo wanaokuja kuulizia huo tu."
Akanimegea. Nikatafuna. Kweli tupu.

Gerhard wa saa akanyoosha kidole dirishani:
minara mitatu, kila mmoja na saa sita yake,
wa kwanza hugonga, wa pili huchelewa,
wa tatu hukumbuka mchuzi umeshapoa.
"Wapi kwingine mtu hupewa adhuhuri mara tatu?"
Aliwahi kuitwa azilinganishe.
Akajifanya mgonjwa wiki nzima.

Bogdana wa kofia alicheka bila meno kuonekana.
"Upekee? Kodi ya pango!
Wageni wanaupiga picha mlango wangu,
mlango umekuwa maarufu, mimi nina njaa.
Andika hivyo. Herufi kubwa."

Nikarudi kwa Daraja la Waongo.
Husemwa litaanguka siku mwongo akilikanyaga,
nasi wachuuzi twalipita kutwa mara nne,
midomo imejaa "kesho asubuhi, bila shaka".
Juu, paa zikanitazama
kwa macho yao membamba, yenye kope za vigae,
kama mama mkwe anayejifanya kasinzia.

Nikamkumbuka kijana wa juzi, kutoka Ujerumani,
na ufunguo wa shangazi yake mkononi,
mzito kama nyundo, kutu tele.
Ukoo wao ulihama mwaka ule mtaa mzima ulipofungasha.
"Mlango wenyewe sijui uko wapi," alisema.
"Nataka nakala. Tumebaki ndugu wawili."
Nilipiga tupa hadi usiku.
Nilimtoza bei kamili;
ningemfanyia bure, angedhani namwonea huruma.

Fomu nikaijaza pale pale, juu ya ukingo:

MKATE HUUNGUA UPANDE MMOJA.
ADHUHURI NI TATU.
KODI IMEPANDA, TAFADHALI SOMENI.

Ya ufunguo sikuandika.
Nikaikunja karatasi, nikavuka.
Daraja likalia kidogo,
si sana.