Ramani ya Chaki

Kaichora kwenye turubai nililotandaza mezani,
kwa chaki yangu ya kukatia, ile ya buluu, bila kuniomba:
"Konde hapa, mama. Hapa lango la Ngezi.
Tunatokea Vumawimbi, tunafuata pwani
mpaka mnara wa taa, Ras Kigomasha.
Tunashuka Verani, Tondooni, tunaingia tena msituni,
tunarudi Konde."
Chaki ikagota pale pale ilipoanzia.

Nikamuuliza: Mtu aondoke Konde,
siku tatu alale chini, aliwe na mbu,
ili afike Konde?
Akacheka. Kicheko cha babake, cha puani.

Huyu Shaame miaka tisa kapanda mlima wa bara,
ule wenye barafu, si hivi vichuguu vyetu,
na hajapata kuupanda na mkoba wake.
Kilo ishirini za watu, kichwani na mgongoni:
mahema ya watu, viti vya watu,
mara moja choo. Ndiyo, choo, cha plastiki,
kakipandisha mpaka mawinguni, kisha kakishusha.
Kilele chenyewe hajakikanyaga.
Wapagazi hubaki kambini wakichemsha maji.

"Pemba hakuna mlima," nikamwambia.
"Ndiyo raha yake. Hakuna kilele,
hakuna wa kubaki chini."

Basi tumekaa, twapanga.
Mwezi huu hapana, karafuu zimeiva;
nani amwachie Faki mikarafuu yote peke yake?
Ujao, lakini si mwezi ukiwa mpevu:
bamvua likijaa Vumawimbi haliachi pa kukanyaga.
Tungoje maji mafu, mwezi ukiwa nusu.
Kibali cha msitu akakate Alhamisi.
Ijumaa wale wa afisini, ukikohoa tu, washafunga.

Mkoba (shanta, aita yeye) nashona mimi.
Turubai ni la lori la marehemu,
limefunika magunia mpaka lenyewe likawa karafuu.
Mikanda nimeikata kwenye gari bovu la Mbarouk.
Mabegani nimetia sponji ya godoro.
"Zidisha hapa," akavuta shati, akanionesha la kushoto:
pamebonyea kama mto uliolaliwa.
Miaka tisa ya simu: sijambo mama, kazi nzuri mama.
Nikazidisha.
Sikusema kitu, nikalaumu uzi unakatika.

Jana tukaupeleka kwenye mizani ya Faki.
Kilo kumi na nne.
Akatoa sufuria ya pili. Akatoa panga, akalirudisha.
Akatoa kikapu changu cha halua ya Wete. Nikakirudisha.
Akatoa blanketi, akalitazama, akampa Faki alishike.
Kumi na moja na nusu.
"Ingekuwa karafuu kavu," kasema Faki, "ningekulipa ukae nyumbani."

Usiku nikaona chaki inafutika,
kiwiko changu kimekwisha kula Tondooni nzima.
Nikatunga uzi mwekundu, nikaufuata mstari
kwa mkono, ndani ya mkoba, asipopaona mtu
ila anayetafuta kitu gizani.
Lango. Vumawimbi. Mnara.
Pale mnarani sindano ikasita.

Miaka hamsini na nane niko Konde.
Nimewapima viuno maharusi wa Makangale,
najua nani kanenepa, nani kaficha mimba,
na kwao sijafika.
Mnara wa taa nausikia kwa watu,
kama mtu anavyosikia Maka.

Turubai limebaki kipande. Si kikubwa.
Chatosha mzigo wa kilo nne, tano:
kanga mbili, dawa ya presha, mswaki,
na halua, maana ile ataiacha kwa siri, namjua.

Nimekikunja, nimekikalia.
Asubuhi nitamuuliza, kama mzaha tu,
huko njiani watu huvaa viatu gani.