Betri Ndogo

Nyuzi thelathini na tatu chini ya sifuri, Ulan Bator,
na gari la Dulmaa limekataa hata kukohoa.
Betri kubwa imejaa. Anajua imejaa:
ile ya chini ya kiti, yenye umeme wa kuangusha farasi.
Ila ile ndogo ya kwenye buti, kazi yake kuamsha kubwa tu,
imekufa usiku,
kama mlinzi aliyezimia na funguo mfukoni.

Na buti halifunguki bila umeme.
Basi mama wa miaka hamsini na nane
anatambaa juu ya viti na koti lake la manyoya,
tochi mdomoni,
matusi yakitoka na mvuke.

Ganzorig wa ghorofa ya pili, hawajasemezana
tangu ugomvi wa maegesho,
anashuka na nyaya. Hasemi kitu.
Nyekundu kwa nyekundu. Nyeusi kwenye chuma kitupu.

Dashibodi ikawaka. Injini kimya;
magari haya huamka bila kuaga usingizi.

Usiku akaing'oa, akaipandisha ngazi kifuani,
akailaza kando ya hita.

Kufikia Ijumaa zililala mbili:
yake, na ya Ganzorig,
ambaye hita yake, alidai, mbovu.